Vidole Viwili na Neno "Rudia"

Mwanangu Sabina,

Ninakuandikia nikiwa ofisini, Jumamosi mchana, wenzangu wote wameshaondoka. Nimefunga mlango kwa komeo, nikaketi, nikainuka kwenda kuhakikisha kama nimefunga, kisha nikaenda tena. Unanijua. Treni yako ni kesho jioni. Orodha ya sabuni, chandarua na shuka iko juu ya sanduku lako, na mambo hayo yameishia hapo. Barua hii ni ya jambo jingine, na ukishaisoma unaweza kunichukia. Nimeamua kuandika kwa sababu nikijaribu kukwambia kwa mdomo, mdomo wangu utakimbilia kwenye chandarua.

Tangu Alhamisi hatusemezani. Nilikwambia gitaa litabaki nyumbani. Ukaniuliza kwa nini, nikasema kidato cha tano si mahali pa makelele. Ukauliza tena, nikasema muziki wenyewe umejaa makosa. Ukanitazama kama unatazama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake, ukasema, "Mama, huo muziki umekuuma wapi?"

Leo nina jibu, ila linaanzia mbali na gitaa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu Mzee Damiani aliponitoa sauti ya kwanza kwenye kwaya akaniweka ya pili, akisema nina sikio. Hakusema nina sauti, alisema nina sikio. Alitufundisha do, re, mi ubaoni, na makosa aliyazungushia chaki nyekundu. Kosa lililomkera kuliko yote ni hili: sauti mbili zilizoachana kwa hatua tano, tuseme do na so, zikihama pamoja kwenda re na la. Aliliita "tano zinazofuatana." Akizisikia alisimamisha kwaya nzima, akafumba macho, akasema neno moja tu: "Rudia." Tukikosea tena, "Rudia." Siku akiwa na furaha alituuliza, "Sauti ya pili, leo mmekula kiporo?" na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakariri kanuni zote ili neno lile lisije kuelekezwa kwangu.

Nilikuwa mwoga tangu utoto, Sabina. Kanuni zilinifaa kwa sababu ziliniambia nikisimama wapi sitaguswa. Sikuwahi kumuuliza Mzee Damiani sababu ya kanuni hata moja. Nilidhani ukiuliza sababu, inaonekana unataka kuivunja.

Ulikuwa na miaka saba nilipopata ukarani serikalini. Nilikuwa na ishirini na tano, peke yangu na wewe, na kazi ile ndiyo iliyokuwa inatulisha. Ilikuwa miaka ambayo maboti yalikuja kutoka kaskazini ya ziwa yamejaa watu mpaka maji yanakaribia kuingia. Utakumbuka ulivyokuwa ukikatazwa kwenda ufukweni. Kwenye maboti yale hawakuwamo wakimbizi tu. Walikuwamo pia Waha wa kwetu, waliokwenda Burundi zamani kutafuta maisha na sasa walikuwa wanakimbia kurudi. Wa kwetu waliachwa waende makwao, na wengine walipandishwa malori kwenda kambini. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Na Kiha na Kirundi, unajua mwenyewe, vinafanana kama watoto wa mama mmoja, na mara nyingi tofauti iko pale sauti inapopanda na inaposhuka.

Mkuu wangu wa wakati ule alikuwa mtu wa mbali, hajui lugha hata moja kati ya hizo mbili. Akasikia kwamba nina sikio. Akaniwekea meza karibu na maji, kwenye kivuli cha bohari, akasema niwasikilize watu.

Basi nikawasikiliza. Mtu alikuja mezani, namwambia asalimie, ahesabu mpaka kumi, ataje kwao na majirani zake. Nikiwa na shaka nilisema, "Rudia." Sikuwa nimelitafuta neno hilo, lilikuja lenyewe. Nililisema kama Mzee Damiani, macho yamefumba.

Siku moja alikuja kijana mrefu, amelowa mpaka kiunoni, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa blanketi. Askari walimfungua haraka kwa sababu walidhani ni bunduki. Lilikuwa gitaa, limeandikwa jina la hoteli mgongoni. Akasema yeye ni wa Kalinzi, upande wetu huku, aliondoka akiwa mdogo kwenda kupiga muziki kwenye hoteli Bujumbura, na mama yake yuko kule Kalinzi, mgonjwa. Alisema kwa Kiha. Nilisikia mwisho wa neno moja ukipanda mahali ambapo sisi tunashusha.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Safari hii alikuwa na hofu, na sauti ikapanda zaidi. Nikasema tena, rudia. Mara ya tatu hata mate yalimkauka, maneno yakatoka kama ya mtu anayesoma lugha ya kigeni. Wiki hiyo hiyo mkuu alikuwa amenifokea mbele ya watu kwa sababu kuna mtu nilimpitisha kumbe si wa huku. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na lori lilikuwa linanguruma. Swali moja tu lingetosha. Ningemuuliza kahawa ya kwao hupelekwa wapi, au njia ya kutoka kanisani kwenda kwao inapita kwa nani. Sikuuliza. Niliandika kando ya jina lake: Lafudhi si ya hapa.

Hakupiga kelele. Alisema, "Dada, mimi natoka Kalinzi," kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau. Kisha akafunga gitaa lake kwenye blanketi na kupanda lori.

Umeshajua ni nani. Yule unayemwita mjomba, Zakaria, fundi redio wa soko la Mwanga, aliyekufundisha gitaa.

Usiiweke barua chini kwanza. Au iweke, unywe maji, urudi.

Alikaa kambini miezi saba kabla mtu wa kwao hajapata habari na kumfuata na barua za mashahidi. Alipofika Kalinzi mama yake alikuwa ameshazikwa. Hayo nilikuja kuyajua miaka mitatu iliyopita, siku uliyomleta nyumbani atengeneze redio yetu. Unaikumbuka siku ile, kwa sababu nilimwaga chai mpaka ikakuunguza mguu. Kila ukiisimulia unasema mama alikasirika kuona gitaa limeingia nyumbani. Sikukasirika. Nililiona lile gitaa, na jina la hoteli limeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe, nikalitambua. Halafu yeye, akiwa anachokoa waya za redio, akakusimulia habari ya karani mmoja ziwani aliyemwambia haongei kama mtu wa kwao. Alisimulia kwa kucheka. "Nilirudia mara tatu," alisema, "mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza, kwani natoka wapi?" Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilinyamaza miaka mitatu.

Sasa turudi kwenye gitaa, maana hapo ndipo nilipokukosea wewe.

Alipoanza kukufundisha nilitaka aondoke. Kila Jumapili nilipomsikia akibisha hodi, nilikimbilia jikoni. Sikuwa na sababu ya kumfukuza, hivyo nikatafuta sababu kwenye muziki. Mkafungua ile kaseti yake isiyo na jina, ya nyimbo za roki alizokuwa akiwapigia wageni wa hotelini, akaunganisha gitaa kwenye redio ya mbao mpaka spika ikakoroma, akakuonyesha kile mnachokiita "vidole viwili." Do na so tu. Kisha kidole na kidole vinateleza pamoja kwenye nyuzi, juu na chini, bila kuachana. Tano zinazofuatana, Sabina. Wimbo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ulikuwa lile kosa moja ambalo Mzee Damiani alilizungushia chaki nyekundu. Na mi haikuwemo kabisa. Mi ndiyo inayomwambia msikilizaji kama wimbo una furaha au una huzuni. Bila mi hujui umesimama wapi. Nilisikia baridi mwilini.

Nikatoka jikoni na mikono yangu ya dagaa, nikamwambia pale ni kosa. Kumbuka alivyonijibu. Alifuta shingo ya gitaa kwa kile kitambaa chake chenye mafuta ya mawese, bila haraka, akasema, "Kosa la nani, Mama Sabina? Mbona gitaa halijalalamika?" Ukacheka. Nikakwambia wewe, mtoto wangu, kwa ile sauti yangu: "Rudia. Weka na mi."

Mkono wake ukasimama juu ya kitambaa. Niliona. Nilijiambia kwamba sikuona.

Tangu siku ile nilikusahihisha kila Jumapili. Ulikuwa ukipiga, na mimi nasikilizia kosa. Nilikufundisha kusoma nota, ndiyo, na sijutii hilo, litakusaidia. Lakini mara nyingi nilichotaka ni uache. Ulipokuja mbio kunionyesha kipande ulichojifunza wiki nzima, kitu cha kwanza nilichokwambia ni hatua uliyokosea. Niliona uso wako ukifunga. Nilijifanya nimeuona kama uvivu.

Na hapa nikuambie jambo la aibu ndogo, katikati ya hili kubwa. Mwaka jana, wakati wa masika, umeme ulikuwa umekatika mkaunganisha betri ya gari. Mlikuwa mkipiga ule wimbo unaoanza polepole halafu unalipuka. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nilijikuta nasonga kwa mapigo yenu, mwiko unagonga sufuria kila vidole vilipohama, na nywele za mikono zimesimama. Nilijua jina la kila kosa mlilokuwa mkilifanya. Halikupunguza kitu. Mlipomaliza nilitaka kupiga kelele mrudie, nikaogopa, nikatoa kichwa mlangoni nikasema punguzeni sauti.

Baada ya hapo nilimfuata Mzee Damiani nyumbani kwake. Amezeeka, anasikia kwa sikio moja, bado ni mkali. Nikamuuliza, baada ya miaka yote hiyo, kwa nini tano zisifuatane. Alishangaa. "Binti, ina maana hukujua?" Akanieleza kwamba kwenye kwaya tunataka kila sauti isikike inatembea njia yake, kama watu wanne wanaozungumza. Sauti mbili zikienda pamoja kwa hatua tano, sikio linazimeza na kuzifanya moja, na mtu mmoja kati ya wale wanne anapotea. Basi. Hiyo ndiyo sababu yote.

Nikamwambia kuna watu wenye magitaa wanazipiga hivyo makusudi.

"Wanataka zisikike kama watu wawili au kama mtu mmoja mwenye kifua kikubwa?"

Nikasema nadhani kama mtu mmoja.

"Basi hawajakosea. Wanafanya kazi nyingine." Akanitazama kwa jicho lile la zamani. "Wewe ulikariri, hukusoma."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kanuni ile iliwekwa ili mtu asipotee ndani ya sauti nyingi. Mimi niliibeba hadi ziwani, na nikaitumia kumpoteza mtu.

Ukiniuliza leo kama hizo kanuni zina kazi yoyote kwa mtu anayetaka tu kuufurahia wimbo wa roki, nitakwambia hivi. Furaha inatangulia, haiombi ruhusa. Ukishafurahi, ukataka kujua ni kitu gani kilichokusimamisha nywele, hapo kanuni inakusaidia kukipa jina. Sasa najua kwamba wimbo ule ulinitisha kwa sababu hauna mi, hausemi kama ni furaha au huzuni, unakuacha uamue mwenyewe. Kujua hivyo kumenifanya niupende zaidi. Lakini kama ningekuwa sijui, mwiko ungegonga vilevile. Yule anayesikiliza kwa kusubiri kosa tu ndiye asiyesikia chochote. Namjua, nimeishi naye miaka thelathini na mitano.

Jana nilikwenda kibandani kwa Zakaria. Nilizunguka soko la Mwanga mara mbili kabla ya kuingia. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nikasema, "Karani wa ziwani ni mimi."

Hakuinua kichwa kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. "Najua. Tangu ulipomwambia mtoto 'rudia.' Neno lile ningelijua hata usingizini."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuja.

"Sikukusamehe, Mama Sabina," akasema. "Nilimfundisha mtoto. Hivyo ni vitu viwili."

Nikaanza kulia, akanikatisha. Alisema nisimlilie kibandani, wateja watadhani redio zao zimekufa. Kisha akasema kwamba kesho atakuja stesheni kukuaga, kwamba hawezi kukushika mkono ukaondoka na uongo, na kwamba kama mimi sitakuwa nimekwambia, atakwambia yeye. Hakusema kwa vitisho. Ningependa angenitishia.

Basi nimekwambia. Utakapomwona stesheni, utakuwa unajua unamuaga nani. Kama utataka kumpa mkono yeye kabla yangu, mpe. Kama hutataka kunipa mimi, nitasimama karibu na nguzo, mahali utakapoweza kuniona.

Sasa hofu yangu ya mwisho. Nilikuzuia gitaa kwa sababu ya haya yote, lakini pia kwa sababu ya safari. Una Kiha cha bibi yako mdomoni, hata ukiongea Kiswahili. Humo njiani watu hukaguliwa. Nimekuona kichwani mara mia, msichana mwenye lafudhi ya kwetu, amebeba gitaa alilopewa na Zakaria, lenye jina la hoteli ya Burundi mgongoni, na mtu kama mimi amekaa mbele yako na kalamu. Alhamisi, ulipokwenda kisimani, nililichukua gitaa na wembe, nikaanza kulikwangua lile jina. Nilimaliza herufi ya kwanza. Ya pili mkono ukagoma, kwa sababu nilijiona naandika tena lafudhi si ya hapa. Utaona pale palipokwanguliwa. Ni mimi. Zakaria nimemwambia hilo pia. Amesema paka mawese, ubao usichanike.

Cheti chako cha kuzaliwa kiko mfuko wa ndani wa koti, na nakala iko sandukuni. Mtu akikusimamisha akakwambia urudie ulichosema, vuta pumzi, useme kama ulivyosema mwanzo. Usijaribu kuongea kama yeye. Ndiyo kosa alilofanya Zakaria, kama ni kosa. Alijaribu kunipa sauti niliyokuwa naitaka, akapoteza yake. Na siku moja, kwa elimu yako, nawe utakaa upande wa pili wa meza ya aina fulani. Utakuwa na kanuni mkononi na mkuu nyuma yako. Uliza swali moja zaidi, hata kama lori linanguruma. Na kumbuka kwamba hata wale ambao sikio langu halikukosea juu yao, wale waliokuwa Warundi kweli, nao walikuwa na mama zao.

Gitaa nimeliegemeza nyuma ya mlango wa chumba chako. Nimelifungia kwenye blanketi la bluu, na nyuzi za akiba, zile za waya wa breki za baiskeli, zimo kwenye soksi. Ni lako, liende nawe.

Bado naogopa. Sijui kama nitakuwa na nguvu ya kukutazama jioni hii ukisoma. Nitakuwa nje, kwenye benchi, nimekipa mgongo chumba chako. Kama utapenda, na kama hutapenda basi, kesho kabla ya kwenda stesheni ulipige mara moja, ule wimbo unaoanza polepole. Sitasema kitu. Ukimaliza nitakuomba kwa neno lile lile, kwa sababu sina jingine, ila safari hii halina kosa ndani yake. Rudia. Na shule ikifungwa, mwanangu, nirudie.

Mama yako